Kabla ya Kupanda Mkoko, Soma Maji

Wageni wakija kwetu Kwale kupanda mikoko, swali lao la kwanza huwa: miche iko wapi? Mimi huwauliza: maji yanafika wapi? Mkoko haufi kwa kukosa mbolea. Hufa kwa kutiwa mahali pasipo pake.

Basi anza na maji. Nenda siku za bamvua, bahari ikijaa pomoni, uone yanakoishia. Rudi wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo tu, uone sehemu ambayo hayakuifikia kabisa. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, kwenye Ghuba ya Gazi hapa kwetu utakuta aina za mikoko zimepangana: mlilana mbele, kisha aina inayoitwa mkoko hasa, halafu msinzi na mkandaa, na huko juu kunakolowa kwa bamvua tu, mchu. (Mchu utaukuta pia mbele karibu na bahari, usishangae.) Panapokuwa pamekatwa pakabaki weupe, tazama mizizi iliyobaki. Mlilana huchomoza mizizi minene iliyochongoka, mchu huchomoza myembamba mfano wa penseli, na msinzi una mizizi iliyojikunja kama magoti. Panda kilichokuwepo.

Pili, jua kilichoua ule msitu wa mwanzo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori (mkono wa bahari) la Mwache, Mombasa, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, mikoko ikakauka eneo kubwa. Udongo bado unashuka? Miche yako itafukiwa vilevile. Na pengine kilichoua ni tuta la barabara lililoziba njia ya maji. Hapo kazi yako ni jembe: fungua mkondo, usubiri msimu wa mbegu, uangalie kama maotea, yaani miche isiyopandwa na mtu, yatakuja yenyewe. Maotea yakija, usipande kitu. Mche uliojichagulia mahali hushika kuliko wa mkono wako, na mimi nafurahi kuuona kuliko safu yoyote iliyonyooka.

Kama kweli pa kupanda papo, sasa tafuta mbegu. Ya mkoko si mbegu hasa, ni mche mrefu wa kijani unaoning'inia mtini, umeshaota juu huko huko. Tazama pale unapoungana na tunda lake la kahawia: uliokomaa una pete ya manjano, na ukiushika na kuuzungusha kidogo unaachia wenyewe. Usipoachia, uache. Wengi huvuta kwa nguvu wajaze gunia upesi, kisha wakalalamika kwamba haukuota. Kagua pia ngozi yake: ukiona tundu dogo lenye unga, mdudu yumo ndani, tupa. Ya msinzi ichukue pamoja na kofia yake nyekundu ya juu, usiikwanyue, utavunja chipukizi.

Iweke kivulini siku chache kabla ya kupanda, kwani kaa hupenda sana mbegu mbichi.

Panda maji mafu yakianza, ili miche ipate siku za kushika kabla bamvua halijarudi. Tia ncha iliyochongoka chini, upande wa chipukizi juu, theluthi moja tu ndani ya tope, isimame bila kuyumba. Mita moja kati ya mche na mche yatosha. Usichimbe shimo, tope likifumuliwa hulegea na maji huung'oa mche.

Mlilana ni kazi nyingine. Tunda lake lina mbegu nyingi ndogo ndogo, na pale mbele mawimbi huzizoa. Loweka matunda hadi yaoze, ukusanye mbegu, uzioteshe kitaluni kwenye viriba vya tope penye kufikiwa na maji ya chumvi, uihamishe miche ikishakuwa na nguvu. Kwa sababu ya usumbufu huo, watu huchomeka mkoko mahali pa mlilana. Usifanye hivyo. Wala usishuke zaidi ukapanda juu ya nyasi za bahari: pale ndipo samaki aina ya tafi wanapojilisha, na wavuvi wetu wanapotegemea.

Kenya, mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo zungumza na KFS, shirika la serikali la misitu, na chama cha msitu cha kijiji kabla ya kuchukua hata mbegu. Vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unaouza hewa ukaa (yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko) na pesa kuingia kwenye maji na shule za vijiji hivyo. Waombe wakutembeze.

Baada ya hapo, rudi. Hesabu miche iliyo hai bamvua baada ya bamvua, uzibe mapengo msimu unaofuata, uzuie mbuzi. Sehemu ikikufia mara ya pili, usiiongezee miche tena. Nenda kaangalie maji yanavyopita pale.