Kongamano kubwa Nairobi lenye mzigo mdogo kwa mazingira: anza na mkataba, si kalamu za mianzi

Ukiniita nikusaidie kuandaa kongamano la watu mia tano hapa Nairobi na swali lako la kwanza likawa kama kalamu ziwe za mianzi, nitakurudisha nyuma kidogo. Kalamu ni kitu kidogo sana. Uzito wenyewe uko kwenye ndege, kisha magari na jenereta, kisha chakula, kisha taka. Na karibu yote huamuliwa miezi kadhaa kabla mgeni wa kwanza hajavaa beji, siku unapotia sahihi mkataba na hoteli. Jambo lisiloandikwa siku hiyo utaliomba kwa adabu siku ya tukio, utajibiwa "tutaangalia", na hapo limeisha.

Hatua ya 1: Hesabu ndege kabla ya kutuma mialiko

Fungua jedwali kwenye kompyuta. Safu ya kwanza, mji anakotoka mgeni. Ya pili, idadi ya wageni wa mji huo. Ya tatu, daraja la tiketi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kikokotoo cha bure mtandaoni: unaandika Geneva hadi Nairobi, kinakupa kilo za kaboni dioksidi kwa kila abiria. Weka jibu kwenye safu ya nne na uzidishe kwa idadi ya wageni.

Kongamano likiwa na wageni wengi kutoka nje, safu hiyo ya mwisho mara nyingi huzidi mambo mengine yote yakijumlishwa. Wakati wa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, Septemba 2023, picha iliyosambaa ni ya Rais William Ruto akiwasili KICC, jumba kubwa la mikutano katikati ya jiji, katika gari dogo la umeme. Picha nzuri. Lakini mzigo wa mkutano wa aina hiyo hushukia JKIA, uwanja wa ndege.

Ukishaziona namba, anza kupunguza. Mzungumzaji anayepanda ndege kutoka Ulaya kuongea dakika kumi na mbili jukwaani na kurudi kesho yake, mwalike kwa video. Washiriki wa Kampala na Dar es Salaam wanaweza kukusanyika ukumbi mmoja kila mji na kuunganishwa nasi moja kwa moja. Saa zetu ni zile zile, hakuna wa kuamshwa usiku wa manane. Wa Arusha waje kwa barabara kupitia Namanga. Wa Mombasa wapande treni ya SGR, ambayo ingawa huvutwa kwa dizeli, moshi wake hugawanywa kwa abiria wengi mno.

Barua ya mwaliko iseme wazi kwamba tiketi zinazolipiwa ni za daraja la kawaida. Kiti cha daraja la biashara huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo mgawo wake wa mafuta hufika mara mbili hadi tatu ya kiti cha kawaida. Hapa utapigiwa simu na ofisi za wakubwa. Ndiyo sababu nasema iwe kwenye barua, imetiwa sahihi na mkubwa wako, kabla simu hazijaanza. Na kama kuna kamati ya bodi iliyopanga kukutana mwezi ujao na wajumbe wale wale, isogezeni wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Ukumbi, foleni na dizeli

Chagua ukumbi ambao wageni wanaweza kuufikia kwa miguu kutoka wanakolala. Ukiwalaza Westlands na kuwakutanisha Karen, umenunua foleni asubuhi na jioni. Katikati ya jiji, hoteli nyingi ziko umbali wa kutembea kutoka KICC. Pale ambapo lazima wabebwe, kodi basi badala ya msururu wa teksi, na uulize kuhusu mabasi ya umeme, maana yamekuwa yakibeba abiria Nairobi tangu 2022.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika miongozo ya kigeni. Nenda maegesho saa tano asubuhi. Utakuta magari makubwa ya wageni mashuhuri yamepangwa kwenye kivuli, injini zinanguruma, madereva wamelala ndani na kiyoyozi kimewashwa. Bango la "zima injini" haliwasaidii, kwa sababu hawana pa kukaa. Tenga hema lenye viti, chai na soketi za kuchajia simu, waandikwe kwenye hesabu ya chakula kama washiriki wengine, halafu ndipo uwaombe wazime.

Jenereta sasa. Umeme wa gridi ya Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na joto la ardhi la Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana. Lita moja ya dizeli, kwa upande wake, hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Hata hivyo wakandarasi wengi wa jukwaa, vipaza sauti na skrini huwasha jenereta asubuhi na kuiacha ikinguruma hadi jioni "kwa usalama", umeme ukiwa upo. Andika hivi kwenye mkataba: *Jenereta itakaa tayari na itawashwa umeme ukikatika tu, isipokuwa kwa dakika za majaribio. Kiasi cha mafuta kitasomwa na pande zote mbili kabla na baada ya tukio.* Mkandarasi akihofia skrini kuzimika ghafla, aje na betri ya kushikilia umeme dakika chache hadi jenereta iwake.

Kiyoyozi Nairobi ni mazoea zaidi ya hitaji. Jiji liko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Tafuta ukumbi wenye madirisha yanayofunguka.

Hatua ya 3: Chakula, hapa usiwe na haraka

Hoteli hukuuzia kifurushi cha siku kwa kila kichwa, kisha hudai idadi ya uhakika siku mbili au tatu kabla. Mwandalizi mwoga husema 500. Usajili ulikuwa wa bure, wanakuja 380. Mpishi amepika kwa 500 na kuongeza kidogo, na maagizo aliyopewa ni kwamba chombo cha bafe kisionekane kitupu hata saa nane mchana, wakati waliobaki kwenye foleni ni watu sita.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, siku tatu kabla, mtumie kila aliyesajiliwa ujumbe wa WhatsApp wenye majibu mawili: nakuja, siji. Asiyejibu apigiwe simu. Pili, mkataba uruhusu idadi tofauti kwa kila siku. Siku ya mwisho, wa Kisumu na Eldoret huwa wameondoka kabla ya chakula cha mchana, na wengine, tuseme ukweli, huondoka wakishatia sahihi karatasi ya posho. Tatu, kaa na mpishi mkuu mwenyewe, si afisa wa mauzo, na mkubaliane kwamba kuanzia saa saba u nusu vyombo vikubwa vitabadilishwa kwa vidogo, na vyakula viwili vikiisha viishe.

Kuhusu menyu: kilo ya nyama ya ng'ombe hubeba gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, nyingi mara kadhaa kuliko ya kuku, na maharage huwa chini kabisa. Usitangaze "siku bila nyama", utazua manung'uniko bure. Panga meza tu. Githeri, ndengu za nazi, mukimo, managu na terere zitangulie kwenye foleni, kuku afuate, nyama ya ng'ombe iwe mwisho na iwe na mhudumu wa kupakua. Mtu hufika pale sahani imeshajaa. Chai ya saa nne iende na nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, ambavyo havihitaji karatasi ya kufungia na huisha haraka kuliko keki.

Kisha weka ndoo tatu jikoni na mizani: mabaki ya matayarisho, kilichobaki kwenye bafe, na kilichokwanguliwa kwenye sahani. Simama karibu na ndoo ya tatu nusu saa. Ukiona mapande ya ugali yaliyomegwa kona moja tu, yakatwe madogo kesho. Ukiona wali usioguswa, sahani ni kubwa mno. Hakuna dodoso litakalokueleza hayo.

Hatua ya 4: Chupa, mifuko, mabango

Kataa chupa za nusu lita kwa maandishi. Badala yake, madumu ya lita 20, majagi na bilauri. Katika barua ya maelezo ya safari, wakumbushe wageni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, wasije na ile ya maduka ya viwanja vya ndege. Na kama mmepanga matembezi ya jioni katika msitu wa Karura au Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi humo tangu 5 Juni 2020, chupa za maji zikiwemo.

Mabango yasiwe na mwaka wala tarehe, ili yatumike tena. Beji zirudishwe kwenye kisanduku mlangoni. Tisheti achana nazo.

Hatua ya 5: Taka ziende wapi

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotokea. Lakini mapipa ya rangi peke yake ni mapambo kama lori ni moja na safari ni ya Dandora, jaa kuu la jiji. Muulize mkandarasi kila aina inaishia kwa nani, na uombe stakabadhi ya anayepokea. Mabaki ya chakula ndiyo ya kufuatilia zaidi: yakifukiwa jaani bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto karibu mara 28 ya kaboni dioksidi. Wapo wanaotengeneza mboji na wapo wanaofuga funza wa nzi aina ya "black soldier" kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Chakula kizima ambacho hakijatoka jikoni kinaweza kwenda kwa makao ya watoto, mradi mmepatana mapema na gari lipo. Kilichokwisha kukaa kwenye bafe usikigawe.

Mche unaopandwa na mgeni rasmi mbele ya kamera mimi huufuta kwenye ratiba, isipokuwa kama kuna aliyeajiriwa kuumwagilia maji.

Hatua ya 6: Namba kabla ya malipo ya mwisho

Gawanya malipo ya hoteli na wakandarasi, na sehemu ya mwisho ilipwe baada ya kupokea karatasi moja yenye lita za dizeli, sahani zilizopikwa dhidi ya zilizoliwa, na kilo za taka kwa kila aina na zilikopelekwa. Ingiza namba hizo kwenye jedwali lile lile la ndege, gawanya jumla kwa idadi ya waliohudhuria, na uihifadhi pamoja na mkataba. Mwakani, ukiitisha zabuni, waambatanishie wote wanaoomba kazi.