Kugeuza baiskeli ya milimani iwe ya kwendea kazini

Hela ikiwa kidogo, nunua tairi tu. Kashata kubwa (vinundu vya tairi) juu ya lami ni kelele na nguvu za bure. Mengine ni nyongeza.

1. Soma ubavu wa tairi ya zamani. Inchi 26 ya milimani ni 559 (kipenyo cha rimu kwa milimita), 27.5 ni 584, 29 ni 622. Chukua tairi laini ya namba hiyohiyo, upana inchi 1.5 hadi 1.75. Nyembamba zaidi itakusumbua kwenye mchanga wa pembeni mwa barabara. Jihadhari na 26 x 1 3/8: muuzaji atakuambia 26 ni 26, ila rimu yake ni 590, hivyo kwako itapwaya.

2. Badilisha tyubu pia. Ya tairi pana ya 2.1 hujikunja ndani ya tairi nyembamba, na hapo kwenye mkunjo ndipo hutoboka. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko. Jaza upepo kidogo, zungusha gurudumu, hakikisha mstari wa tairi uko sawa na rimu pande zote, kisha malizia. Mtu wa kilo 75 kwenye 1.5: nyuma 60 psi (kipimo cha upepo), mbele 50, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa.

3. Shokapu ya mbele ikiwa na kifungio, ifunge. Haina? Iache.

4. Keria hufungwa kwa boliti za milimita 5. Zikaze tena baada ya wiki. Fremu haina matundu? Tumia klampu zenye mpira. Madigadi na taa ni lazima. Kioo kikae kulia, magari yanakopitia.

Maswali

*Mkuu, tangu nibadilishe tairi baiskeli inaanguka kwenye stendi.*
Kutoka 2.1 hadi 1.5 imeshuka milimita 15 hivi, stendi imebaki ndefu. Ifupishe. Pedali nazo zimeshuka, kwa hiyo kwenye kona inua ya ndani.

*Meno 42 kwenye gia ya mbele yanatosha, au nitafute 48?*
Yanatosha. Kwa 11 nyuma, ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika unafika kama kilomita 36 kwa saa. 48 mara nyingi hukwaruza fremu.

*Yangu ina shokapu na nyuma. Keria ya kawaida itakaa?*
Hapana. Ncha moja ikifungwa kwenye ekseli na nyingine kwenye fremu, shokapu ikibonyea keria inapinda au boliti zinakatika. Tafuta ya kubana kwenye bomba la siti, na usome uzito inaoruhusu; nyingi haziendi mbali zaidi ya kilo 10.