Kabla hujaipeleka bastola ya kale ikang'arishwe

Mpwa wangu aliye Marekani alinunua bastola ya Browning GP 35 kwa mjane mmoja, na kibali chake anacho. Akanitumia picha, kwa kuwa hapa Lubumbashi nimekula miaka mingi kwenye tupa na jiliwa: "Mjomba, nataka kuipaka nikeli, nibadilishe mbao za mpini, nichonge na jina langu. Ing'ae kama mpya."

Nikamwambia asubiri. Nilikumbuka msalaba wa shaba wa jirani, ile misalaba ya kale iliyokuwa pesa ya Katanga kabla ya wazungu. Nikiwa kijana niliusugua kwa ndimu na majivu hadi ukawa mwekundu kama sufuria ya harusi. Mnunuzi alipokuja aliugeuza mara moja tu, akaurudisha mezani. Ule weusi nilioutoa ndio alioufuata.

Jambo la kwanza halihusu bei. Toa magazini (kasha la risasi), kisha vuta nyuma sehemu ya juu na uchungulie chemba, tundu inamokaa risasi, kwa macho, uiguse na kwa kidole. GP 35 ina kizuizi: magazini ikitoka, kifyatulio hakifanyi kazi. Hilo limewadanganya wengi wakadhani ni tupu, kumbe risasi imelala ndani. (Na wewe unayesoma ukiwa Kongo, ukiikuta ya marehemu babu sandukuni, usianze na picha wala fundi. Silaha bila kibali ni kesi. Anza na serikali.)

Ukishahakikisha ni tupu, ijue ilizaliwa wapi. John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 palepale kwenye kiwanda cha silaha cha FN, Liège, Ubelgiji. Dieudonné Saive ndiye aliyeimaliza, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Magazini yake hubeba risasi 13 za milimita 9. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940 waliendelea kuitengeneza, zaidi ya laki tatu, wakizipiga mihuri yao ya ukaguzi. Muhuri wa WaA613 ni wa mwanzo na haukudumu. WaA140 ndio uliojaa. Tofauti ya tarakimu hizo ndogo inaweza kuwa tofauti kubwa ya pesa. Zipo pia zilizotengenezwa na kiwanda cha Inglis, Toronto, Kanada, kuanzia 1944. Zile zilizoagizwa kwa ajili ya China zina CH kwenye namba, kilengeo cha nyuma cha kupandisha na kushusha, na mfereji nyuma ya mpini wa kupachika kitako cha mbao. Kuna mtu huko aliwahi kuuziba mfereji kama huo kwa kulehemu ili mkono usikwaruzwe. Sina la kusema.

Namba nayo: iko kwenye kiunzi (mwili wenye mpini), kwenye sehemu ya juu na kwenye mtutu. Zote tatu zikilingana, shika hapo hapo, usibadilishe kitu. Mtutu ukiwa na namba nyingine, bastola inaweza kupiga vizuri kabisa, lakini mkusanyaji atapunguza bei.

Sasa rangi, na hapa ndipo fundi wa vyuma anapoona asichokiona mwenye duka. Nyundo ikipiga muhuri, chuma husukumwa na kuinuka kidogo kuzunguka herufi. Pitisha ukucha. Kama herufi zimezama laini bila ukingo, gurudumu la kung'arishia limeshapita. Tazama matundu ya pini: yakiwa yamepanuka mdomoni kama faneli, ni gurudumu tena. Kona zilizotakiwa kukata zimekuwa za mviringo? Basi ilishapakwa upya, hata kama rangi ni nzuri kuliko ya kwanza. Geuza hoja pia: muhuri wa Kijerumani wenye ukingo mkali na chuma cheupe ndani, juu ya rangi iliyochakaa, huenda ulipigwa juzi na mtu mwenye njaa.

Kutu nyekundu hupanguswa kwa mafuta mepesi na kitambaa. Msasa hapana, wala sufi ya chuma.

Vitu vidogo visitupwe. Mbao za mpini zenye michirizo, mkoba wa ngozi, magazini ya asili, na zaidi ya yote ile karatasi ya jeshi iliyomruhusu askari wa Marekani kurudi nyumbani na silaha aliyoiteka. Mpwa wangu nilimrudisha kwa yule mjane akaulize kama kuna bahasha yenye karatasi hiyo. Upande mwingine, chapa ya muagizaji iliyochongwa baadaye hushusha thamani, na hiyo haifutiki bila kuharibu zaidi.

Ukitafuta bei, angalia iliyolipwa mnadani, achana na iliyoandikwa kwenye tangazo. Mtu anaweza kuomba chochote.

Kama yote hayo yakionyesha kuwa ilishapakwa upya na namba hazilingani, basi mpelekee fundi wako, paka nikeli, chonga jina la ukoo mzima; hakuna kilichobaki cha kuharibu. Na anayetaka tu ya kubadilisha apendavyo atafute ya kiraia. FN waliitengeneza hadi 2018, zimejaa.

Mpwa ametuma namba ya kiunzi na ya sehemu ya juu, zinalingana. Ya mtutu nimemwambia aipige picha tena kando ya dirisha, bila taa ya simu.