Kalamu ianzie wapi: mwongozo wa kuandika herufi za Kichina kwa Waafrika Mashariki waishio China

Mwanafunzi aliyefika Wuhan kusomea udaktari, au mfanyabiashara aliyepanga chumba Guangzhou ili awe karibu na masoko ya jumla, mara nyingi huzungumza Kichina kabla hajaweza kukiandika. Anapoanza kuandika hunakili herufi kama anayenakili picha, ilimradi mwishowe zifanane. Mwalimu akimkosoa kwa kutanguliza mstari usiostahili kutangulia, hudhani anasumbuliwa kwa jambo la adabu tu. Kumbe Mchina aandikapo kwa haraka huunganisha mistari bila kuinua kalamu, na viungo vinavyobaki karatasini hufuata mfuatano uleule aliofundishwa utotoni. Kwa hiyo asiyeujua mfuatano huo ataweza kusoma kitabu kilichochapwa, lakini risiti iliyoandikwa kwa mkono dukani itamshinda.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kinachohesabiwa kuwa mstari mmoja, ambao Wachina huuita bihua: ni kila kinachochorwa tangu kalamu iguse karatasi hadi iinuliwe, hata kama njiani imekunja kona. Herufi 口, yenye maana ya mdomo, ina pande 4 lakini mistari 3, yaani upande wa kushoto, kisha wa juu na wa kulia kwa mkunjo mmoja, halafu wa chini. Anayehesabu 4 hataipata katika faharasa ya kamusi inayopanga herufi kwa idadi ya mistari.

Kanuni za jumla ni chache na hushikwa kwa siku moja. Cha juu hutangulia cha chini (三), cha kushoto hutangulia cha kulia (川), mlalo hutangulia wima unaoukata (十), na mshazari unaoshukia kushoto hutangulia ule unaoshukia kulia (人). Katika 小, mstari wa katikati huandikwa kabla ya vibawa vyake. Kwa herufi zilizozungushiwa ukuta kama 国, yaani nchi, walimu huwaambia watoto waingie ndani kwanza ndipo wafunge mlango: mstari wa chini wa ukuta ndio wa mwisho kabisa. Nukta nazo zina tabia mbili, kwani ya juu katikati au ya juu kushoto huanza (文, 门), na ya juu kulia humalizia (我). Waliosoma madrasa, waliozoea kuandika umbo la neno kwanza na kurudi kuweka nukta baadaye, hujikwaa hasa kwenye zile zinazoanza.

Baada ya hapo zinakuja zile ambazo kanuni haziziokoi. Katika 力, 万 na 方, mstari uliokunjwa wenye ndoano hutangulia mshazari, ilhali katika 九 mshazari ndio unaotangulia. Sijaona njia ya kuzitofautisha isipokuwa kuziandika hadi mkono uzoee. Nyingine hubadilika kwa sababu inayoeleweka: 牛, yaani ng'ombe, humalizika kwa wima, lakini ikiwa sehemu ya kushoto ya 物, mlalo wake wa pili hugeuka kuwa mstari unaopanda na kuandikwa mwisho, kwa kuwa ndio unaoupeleka mkono upande wa kulia kuendelea na sehemu iliyobaki.

Tahadhari moja kuhusu vitabu na video: zile zilizotengenezwa kwa wanaojifunza Kijapani hutofautiana na desturi ya China. Kwa 王, China huandika milalo miwili, kisha wima, kisha mlalo wa chini, ilhali Japani wima huja mara tu baada ya mlalo wa kwanza. 田 na 右 nazo hutofautiana. Anayeishi China afuate kiwango cha serikali ya huko, ambacho toleo lake jipya lilianza kutumika mwaka 2021.

Kwa mazoezi, nunua daftari la tianzige, lenye miraba iliyogawanywa sehemu 4 kama herufi 田 yenyewe, uandike herufi chache kila siku huku ukitaja jina la kila mstari: heng kwa mlalo, shu kwa wima, pie kwa mshazari wa kushoto, “na” (捺, jina la Kichina, si kiunganishi chetu) kwa mshazari wa kulia, dian kwa nukta, zhe kwa mkunjo. Kisha weka katika simu kibodi ya bihua, ambayo ina vitufe 5 tu vya mistari, kwani mstari wa “na” huhesabiwa pamoja na dian, na mstari unaopanda pamoja na heng. Ukikosea mfuatano, mara nyingi herufi unayoitaka haitokei. Mfanyabiashara aanze na 万, yaani elfu kumi, ambayo atakutana nayo katika kila bei kubwa: heng, zhe, pie.