Jinsi ya kuutembelea mji wa kale wa Gede na kuuelewa

Magofu ya Gede yamo msituni, kilomita 15 hivi kusini mwa Malindi, si mbali na fukwe za Watamu. Ukuta wa nje umezunguka takriban hekta 18 za misikiti, kasri, makaburi na nyumba za mawe, na tangu 2024 mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtu anayepita tu atamaliza kwa nusu saa. Tenga saa tatu.

Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, ushukie Gede kwenye njia panda ya Watamu. Kutoka Malindi, matatu ya Watamu inapitia hapo hapo. Kipande kilichobaki ni kifupi, kwa miguu au bodaboda. Hakikisha simu ina chaji na salio, maana malipo ya makumbusho ya serikali siku hizi hufanyika kielektroniki. Beba na kitambulisho: raia, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali hawalipi sawa.

Fika saa mbili asubuhi. Saa sita jua hupenya majani kwa mabaka, na picha hutoka nusu nyeupe, nusu nyeusi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu mizizi imeinua njia na matumbawe yaliyovunjika yana makali. Msimu wa masika sakafu za chokaa huota ukungu na kuteleza vibaya. Jipake dawa ya mbu, beba maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na chakula kifungie ndani ya mkoba wenye zipu. Kima wa hapa wamezoea watu, na ndizi iliyo mkononi si yako tena. Usiwalishe hata ukishawishiwa. Kima anayelishwa leo atamrukia mtoto wa mwenzio kesho.

Makumbusho madogo yaache hadi mwisho. Anza na kaburi lenye tarehe: maandishi yake ya Kiarabu yanataja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na hicho ndicho kipimo cha kuyapangia mengine yote. Karibu yake lipo kaburi la nguzo yenye mifuo.

Kisha ingia Msikiti Mkuu, utafute mihrabu, kishubaka cha ukutani kinachoelekea Makka. Kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili, hivyo mihrabu ni dira yako: ukipotea kati ya kuta, kumbuka ilikoelekea. Tazama matao ya milango. Mojawapo lina ncha ya mkuki iliyochongwa. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia.

Kwenye kasri na nyumba za jirani, simama ndani ya chumba na unyooshe mikono. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hivi. Paa zito la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu zaidi ya hapo hupinda. Angalia ukutani juu: matundu yaliyopangwa kwa safu ndiko zilikopenyezwa. Tafuta pia ghala lisilo na mlango, ambalo mwenyewe aliliingia kwa tundu la juu, na vyoo vya shimo vilivyojengwa kwa ustadi mkubwa. Watu hupita vyoo kwa haraka, ilhali ndivyo vinavyoonyesha vizuri zaidi jinsi wenyeji hawa walivyojali usafi.

Usipande ukuta wowote. Mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa ya karne nyingi. Jiwe la juu likitoka, mvua hupenya katikati na ukuta huachana.

Nyumba nyingi zimepewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Mkasi, ya Kauri (simbi za baharini), ya Taa ya Chuma. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba hapa 1948. Ndiyo sababu makumbusho yanafaa mwisho: utakutana na vyombo vya kaure vya China na shanga ukiwa umeshaona kwao.

Mwongozaji akikueleza kwa nini mji ulihamwa, muulize ushahidi wake. Hutajwa visima kukauka, mashambulizi ya Waoromo na misukosuko ya enzi ya Wareno, na hakuna jibu moja lililokubaliwa na wote. La ajabu, Wareno walikaa Malindi miaka mingi bila kuutaja Gede katika maandishi yao.

Ukibakiwa na nguvu, fuata ukuta wa nje kwa kipande tu. Watalii wachache hufika huko. Kati yake na ukuta wa ndani ndiko zilikokuwa nyumba za udongo na miti za watu wa kawaida, na kwa kuwa hazikuacha kuta, ardhi inaonekana tupu. Usiikanyage ovyo wala kuokota kigae. Ukikiona kimechomoza, kiache palepale umwonyeshe mlinzi.