Konsila kwa ngozi ya umri mkubwa: weka kidogo

Mliovuka miaka 50, konsila (kipodozi cha kuficha weusi na madoa) ikikatika na kujaa kwenye mikunjo chini ya macho, mara nyingi tatizo ni wingi wake. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na umri unaikausha zaidi. Ukiipaka tabaka nene, ukicheka tu makunyanzi yote yanajichora.

Anza na krimu ya macho, subiri dakika chache inywee. Ikibaki inateleza, konsila nayo itateleza. Chagua ya majimaji, si ile nzito ya kijiti. Achana na ile pembetatu kubwa ya konsila inayochorwa chini ya jicho kwenye video za vipodozi. Hiyo waachie wasichana. Weka nukta moja kona ya ndani karibu na pua, penye weusi zaidi, na nyingine ndogo kona ya nje. Katikati paache. Gongagonga kwa kidole cha pete, usisugue. Joto la kidole linailainisha.

Kama una vifuko chini ya macho, usipake rangi nyeupe kuliko ngozi yako juu yake, maana kinachong'aa huonekana kimetuna zaidi. Paka kwenye kile kivuli cha chini ya kifuko. Weusi ukiwa mzito, tanguliza konsila ya rangi ya chungwa ili kuufifisha, kiasi kidogo sana.

Kabla ya poda, tazama juu, lainisha mikunjo kwa sponji yenye unyevu, kisha poda iguse hapo tu. Au iache kabisa, mimi naona inazeesha.