Kitalu cha miche 500 ya miti: klabu ya mazingira ya shule ya kata na likizo ya Desemba

Klabu ya mazingira ya shule ya sekondari ya kata mara nyingi haifi kwa kukosa wanachama. Hufa Desemba. Shule imefungwa, hakuna aliyepangiwa kumwagilia, na mbuzi wa kijijini wameshaona tundu kwenye uzio. Januari wanafunzi wanakuta viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vimekauka kama matofali, na wengi hawarudi tena kwenye klabu. Kwa hiyo panga mwaka mzima kwa kuanzia Desemba kurudi nyuma.

Ratiba iliyo hapa ni ya shule za kutwa zenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, ambako mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Wenye vuli na masika wasogeze tarehe tu, kazi ni zile zile.

Watu kwanza

Kama shule tayari ina klabu ya Malihai, yaani klabu ya wanafunzi ya uhifadhi wa wanyamapori na mazingira, usianzishe ya pili. Ingia humo na uombe kitengo cha kitalu. Kama haipo, katibu aandike barua kwa Mkuu wa Shule kupitia kwa mwalimu mlezi. Aambatanishe katiba ya ukurasa mmoja, orodha ya wanachama na mchoro wa eneo linaloombwa. Wanachama 30 wanatosha. Wakifika 80, nusu watakuwa wanatazama.

Uongozi ndipo klabu nyingi zinapokosea. Mwenyekiti akiwa kidato cha nne, Oktoba anazama kwenye maandalizi ya mtihani wa taifa na Novemba anaondoka na funguo za stoo. Kidato cha pili nao wana mtihani wao Novemba. Chagua mwenyekiti na mweka hazina kutoka kidato cha tatu, na makamu wao kutoka kidato cha kwanza. Makabidhiano yafanyike Julai, kwa daftari la vifaa: majembe mangapi, keni ngapi, ndoo ngapi, nani anashika ufunguo. Kuanzia Oktoba hadi mitihani iishe, kazi ya kila siku ibebwe na kidato cha kwanza na cha tatu.

Kikao na kazi kubwa viwe siku moja kwa wiki, mara tu vipindi vinapokwisha, na saa 10 jioni kila mtu awe ameruhusiwa. Mwanafunzi anayetembea kilomita saba anahitaji kama saa moja na nusu kufika nyumbani kabla ya giza. Mzazi anayempokea binti yake usiku hatamruhusu wiki ijayo, na yuko sahihi. Maji nayo yabebwe na wote kwa zamu, wavulana na wasichana.

Kuhusu fedha, tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 michango ya wanafunzi imekuwa jambo nyeti. Usitoze kiingilio. Omba vitu: samadi kutoka kwa wafugaji, fito, nyasi, pakiti tupu za maziwa za nusu lita kama viriba vya kununua havipatikani. Miche ikiuzwa, fedha zipite kwenye akaunti ya shule kwa stakabadhi, zisikae mfukoni mwa mtu yeyote, hata mlezi.

Kitalu

Chagua mahali palipo karibu na maji kuliko mahali panapopendeza. Miche 500 hunywa karibu lita 50 kwa siku, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Kama kisima kiko mbali, maji yakibebwa kichwani kwa madumu, anza na miche 200.

Viriba vya inchi 4 kwa 6 vinafaa. Mchanganyiko wa viriba 500 ni ndoo 12 za lita 20: sita za udongo wa juu, nne za samadi iliyooza vizuri, mbili za mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ikiwa bado ina joto au harufu kali, iache. Chekecha vyote, nyunyizia maji, kisha fumbata konzi moja. Udongo ukishikana na ukamong'onyoka kwa kuguswa kidole, uko tayari. Ukitoa maji, maji yamezidi.

Kujaza kiriba ni kazi ya mikono yenye subira. Jaza theluthi, shindilia kwa vidole hadi kitako kisimame imara, jaza tena, kisha gonga chini mara mbili. Acha sentimita moja juu kwa ajili ya maji. Kiriba kilichojazwa haraka hukunjika katikati, kama mtu aliyefungwa mkanda, na mzizi ukifika hapo hujipinda. Mche wa hivyo hupandwa ukionekana mzima, halafu hufa kiangazi cha kwanza bila sababu ya kuonekana.

Vipange wima kwenye tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita mbili na robo, visigusane na nyasi za pembeni. Upana ukizidi mita moja, mkono haufiki katikati na magugu ya katikati hayang'olewi.

Mbegu zisiwekwe kabla ya katikati ya Septemba. Mjohoro hufikia kimo cha kupandwa kwa takriban miezi minne. Ukiotesha Julai, utabeba maji miezi miwili ya bure na mizizi itatoboa viriba kuingia ardhini. Gramu 100 za mbegu za mjohoro zinatosha na kubaki, lusina hivyo hivyo. Zote zina ganda gumu: chemsha maji, yaepue motoni, ndipo utumbukize mbegu, ziache hadi kesho yake. Usizichemshe motoni, zitaiva. Mwarobaini ni kinyume: mbegu yake haikai, huoteshwa ikiwa mbichi ndani ya wiki chache tangu kuchumwa, baada ya kuoshwa nyama ya tunda.

Weka mbegu mbili kila kiriba, kina mara mbili ya unene wa mbegu. Zikiota zote, ng'oa dhaifu baada ya majani mawili halisi kutokea. Kivuli cha nyasi kiwe juu kiasi cha mita moja, kikipitisha nusu ya jua.

Miche ikianguka ikiwa imesinyaa shingoni, karibu na udongo, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Mara nyingi chanzo ni maji mengi na kivuli kizito. Toa iliyougua, punguza nyasi, mwagilia asubuhi tu. Mizizi ikichungulia chini ya kiriba, inua kiriba na uikate.

Na jambo moja ambalo mlezi lazima alitetee kwenye kikao cha walimu: kumwagilia kitalu kusiwe adhabu ya wachelewaji. Aliyetumwa kwa adhabu humwaga ndoo nzima mahali pamoja, mbegu zinafukuka, na wanachama wanaanza kuiona kazi yao kama ya wakosaji.

Desemba

Kabla shule haijafungwa, Novemba, chimba mashimo ya sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando yake. Anza kupunguza kivuli katikati ya Novemba, kidogo kidogo, ili miche izoee jua.

Zamu ya likizo ipangwe kwa vitongoji. Chukua wanaoishi ndani ya kilomita mbili, wawili wawili, na umpe mzazi wa kila mmoja tarehe zake kwa maandishi. Kanuni ni moja: chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia. Pakiwa na unyevu, nenda nyumbani. Daftari la zamu likae kwa mlinzi. Uzio uzibwe kwa miba wiki ya mwisho ya muhula, mlezi akiuzunguka mwenyewe.

Kupanda na kuhesabu

Panda Januari shule ikifunguliwa, udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 30. Mwagilia miche usiku wa kuamkia siku hiyo. Kata kitako cha kiriba, pasua ubavu, toa plastiki yote. Rudisha udongo wa juu kwanza, ukanyage taratibu, tengeneza kinga ya udongo yenye umbo la mwezi mchanga upande wa chini wa mteremko, uzungushe miba.

Kila mkondo wa darasa upewe safu yake. Usimpe mwanafunzi mmoja mti wake, maana yeye ataondoka, mti utabaki.

Hesabu ifanywe mwisho wa Machi na tena Julai. Usiandike idadi peke yake. Andika kilichoua kila mche: mchwa, mbuzi, ukame, au fyekeo la wanaosafisha mazingira. Kama mchwa ndio wameua wengi, badilisha aina ya mti kabla ya kuagiza mbegu za Septemba. Kama ni fyekeo, palilia duara la nusu mita kuzunguka kila mche na uweke vigingi vinne virefu vilivyopakwa chokaa.